Leo Ugali Upumzike

Msikilizaji wetu wa Isaka, jioni imeingia, malori yamejipanga bandari kavu na watoto wanauliza chakula. Leo ugali upumzike. Najua baba mwenye nyumba atanuna kidogo. Mpakulie kwanza, maneno baadaye.

Chukua viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani. Vioshe, vikate vipande na maganda yake, vichemshe kwa maji kidogo, sufuria imefunikwa. Dakika 20 hivi zinatosha. Msimu umepita? Loweka michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa, tangu mchana.

Jiko la pili, kaanga kitunguu na nyanya, tia dagaa waliochambuliwa, kisha majani ya kunde. Karanga zilizosagwa zikoroge kwanza kwa maji ya uvuguvugu, la sivyo zitafanya mabonge. Zikishaingia usiondoke jikoni, huungua chini upesi. Mafuta ya karanga huusaidia mwili kupata vitamini A ya viazi na majani. Magadi? Mama zetu huyapenda kwa kulainisha mboga, lakini yanaharibu vitamini C. Epua majani yangali kijani.

Mtoto mdogo mpondee kiazi kwa mchuzi huohuo, dagaa wakisagwa laini.