Jina kwenye mlango

(Mazungumzo yaliyotolewa Baraka, mbele ya mkutano wa wanachama na wafadhili)



Niliombwa nieleze vijana namna ya kujipanga mtu akipata bahati ya kwenda kusoma nje. Nimeona afadhali nisianze na mashauri. Nitaanza na aibu yangu, maana miaka mingi sikuisema.

Wengi mnanijua. Nilivuka ziwa mwaka 1996, mtoto wa miaka 8, nimeshika kitenge cha mama. Nilikulia Lugufu, upande wa Kigoma. Mwaka 2007 tukarudi kwa meli, kisha nikaenda iniversite Bukavu. Mwaka 2013 nikachaguliwa kwenda Bruxelles, Ubelgiji, kwa muhula mmoja, katika mpango wa kubadilishana wanafunzi. Nikasema moyoni: mimi nimeishi ukimbizini miaka 11, mji gani utanishinda?

Ulinishinda.

Bruxelles ina komini 19, na kila moja ina biro yake. Mgeni anayekuja kukaa zaidi ya miezi 3 anapaswa kujiandikisha kwenye komini anapolala, ndani ya siku 8 za kazi. Visa peke yake haitoshi. Ukishajiandikisha, polisi wa mtaa anakuja nyumbani kuhakikisha kwamba kweli unaishi pale. Hakuambii saa. Akithibitisha, ndipo komini inakutengenezea karte ya ukaaji.

Sasa angalieni mnyororo wenyewe. Bursi yangu ilitaka konti ya banki. Banki niliyoiendea ilitaka karatasi ya komini. Komini ilimngoja polisi. Na mwenye nyumba, yeye alingoja pesa yake.

Polisi alikuja siku ya kazi ya pili asubuhi, mvua inanyesha. Kengele ikalia, nikachungulia dirishani, nikaona unifomu. Miguu ikakataa. Ninyi mnajua: kwetu, wakati ule, mtu wa unifomu akigonga mlango hakuleta heri. Nikakaa chini ya dirisha, kimya, mtu mzima wa miaka 25, mpaka akaenda zake.

Kwenye kengele bado kulikuwa jina la mpangaji wa zamani. Na majirani kama aliwauliza, wangejibu nini? Nilikuwa napita ngazini kama kivuli, sijamsalimu hata mmoja. Barua ikafika: huyu mtu hakuonekana kwenye anwani hii.

Wiki tatu nilikula mkate na sardini. Nikipiga simu nyumbani, nilimwambia mama kila kitu kiko sawa. Mama aliuza mbuzi wawili ili nipate sanduku na koti. Ningemwambia nini?

Katika komini ya Ixelles kuna mtaa unaoitwa Matonge, jina la mtaa wa Kinshasa. Siku ya mungu moja nikaenda kule, nikifikiri nitakuwa nyumbani. Harufu ya makayabu na pondu ilikuwepo kweli, lakini lugha ilikuwa Lingala, na Lingala yangu, mtoto wa kambi, ni ya kuokoteza. Nikawa mgeni hata kati ya Wakongomani. Ndipo, ndani ya duka moja, nikasikia mama mmoja anaongea kwenye simu kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Nikangoja amalize.

— Shikamoo mama.

Akacheka.

— Weye mwana, unatoka Tanzania ao Congo?

— Mama, kote kuwili.

Nikamweleza yote, hata habari ya dirisha. Yeye alikuwa mtu wa kwanza kuisikia. Hakunicheka tena. Akauliza:

— Sasa polisi atakupata namna gani kama jina yako haiko ku mulango?

Akachana kipande cha karatoni, akaandika jina langu kwa herufi kubwa. Akasema: «Bandika hii leo. Kisha gonga kwa jirani wa juu na wa chini, useme unaitwa nani. Na polisi akikuya, fungua. Anatafuta kama uko. Hatafuti kukukamata.» Kesho yake akaacha kazi yake nusu siku, akanisindikiza komini kuomba polisi arudi.

Polisi akarudi. Aliangalia kitanda, vitabu, viatu vyangu. Dakika tano, akasaini. Mnyororo wote ukafunguka. Masomo yenyewe hayakunitesa sana: walimu wa kule wanahesabu septante na nonante kama walimu wetu.

Basi, vijana, mashauri yangu ni machache. Kabla ya kuondoka, uliza iniversite ni nani atakayekupokea, na atakupokea wapi. Beba pesa ya kukutosha miezi miwili, maana bursi inaweza kuchelewa. Beba cheti cha kuzaliwa na kopi zake. Jiandikishe wiki ya kwanza. Andika jina lako kwenye kengele, na uwasalimu majirani hata kama wao hawakusalimu. Tafuta mtu mmoja anayejua njia za biro. Na usiwadanganye watu wa nyumbani. Uongo ule ulinichosha kuliko baridi.

Lakini sikuja kwa ajili ya vijana peke yao. Kazi yangu ni kuzunguka vijijini, na ninachokutana nacho huko kinanirudisha chini ya lile dirisha. Mama mjane anarudi kutoka Nyarugusu. Karatasi ya kurudi anayo, imepigwa mhuri. Aliondoka hapa akiwa msichana, sasa ana wajukuu. Shamba la baba yake linalimwa na wengine. Chefu wa kijiji ni mpya. Majirani wanaulizwa, wanasema: hatumjui. Karatasi inasema amerudi, kijiji kinasema hakuna mtu kama huyo. Naye ananyamaza, anaogopa biro, na akiulizwa kwa simu na ndugu waliobaki kambini anajibu: tuko sawa.

Kufika si kukaa. Kukaa kunaanza siku mtu anaposhuhudia kwamba upo.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Kila mwanachama aliyetangulia kurudi awe mwenyeji wa familia moja mpya kwa miezi 3. Awapeleke kwa chefu, kwa direkta wa shule, kwenye kituo cha afya. Awatembeze kwa majirani, nyumba kwa nyumba. Habari ya shamba isianze kusemwa kabla watu hawajajuana, na ikianza, mwenyeji akae pembeni ya mgeni wake mbele ya wazee.

Wafadhili wetu, majembe na mabati mliyotoa yamefaa, aksanti sana. Safari hii tunawaomba kitu kisichopendeza kwenye picha: nauli ya mwenyeji, na malipo ya siku yake ambayo hatakwenda shambani. Yule mama wa Lubumbashi alinipa nusu siku yake. Hakuna aliyemrudishia.

Kile kipande cha karatoni ninacho mpaka leo. Karatasi ya kuandika wenyeji iko mezani kwa sekretere. Jina langu ni la kwanza. Chini yake kuna nafasi.