Besi Ipi Itasikika Hadi Viti vya Nyuma?

Somo kwa wapiga vyombo, katika semina ya muziki ya juma la maadhimisho

 

Wapendwa wapiga vyombo, mada hii mmeichagua wenyewe kwa mabishano yenu. Precision au Jazz? Nyuzi nne au tano? Ndugu wa Uvira ana lake, wa Kigoma ana lake, na wa Bujumbura ananyamaza kwanza, halafu anachomeka waya na kuwajibu kwa vidole. Mabishano ya namna hiyo ni mazuri. Mtu asiyejali sauti ya chombo chake habishani.

Ila tuanze na swali la Mtume Paulo. Katika 1 Wakorintho 14 anauliza kuhusu filimbi na kinubi: kama sauti zake hazitofautiani, nani atajua kinachopigwa? Mimi nalisoma swali hilo kama mpiga besi. Mama aliyekaa kiti cha mwisho, karibu na mlango, je, anajua noti unayopiga? Au anasikia tumbo lake linatetemeka tu? Kwaya inashika ufunguo kutoka kwako. Besi ikiwa ngurumo bila noti, sauti ya tatu na ya nne zinaanza kutafutana, na pambio linashuka nusu noti kabla ya ubeti wa pili. Mmeliona hilo, msijifanye hamjaliona.

Basi gitaa lenyewe. Mwaka 1951, huko Fullerton, California, fundi redio mmoja aitwaye Leo Fender alitoa gitaa la besi la umeme akaliita Precision. Yeye mwenyewe hakujua kupiga gitaa! Kabla ya hapo wengi walipiga lile besi kubwa la kusimama, zito kulibeba, na likiwa katikati ya tarumbeta na ngoma halisikiki. Pia halina freti, kwa hiyo kidole kikisogea kidogo tu, noti imeharibika. Fender akaweka freti, ndiyo maana ya hilo jina: noti iwe sahihi. Urefu wa uzi akauweka inchi 34, kama sentimita 86, na mpaka leo besi nyingi mnazozishika, hata za bei ya chini kabisa, zina kipimo hicho hicho.

Sauti inanaswa na pikapu. Siyo ile gari ya kubebea mkaa! Ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, zimekaa chini ya nyuzi. Mahali zilipokaa ndipo tofauti nyingi mnazobishania zinapotoka. Karibu na shingo, uzi unacheza kwa upana, sauti inakuwa nene na ya mviringo. Karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa, uzi unacheza kidogo, sauti inakuwa kavu na kali. Precision ina pikapu moja, karibu katikati. Mwaka 1957 waliigawa vipande viwili, kila kimoja kinashika nyuzi mbili, na vipande hivyo vimefungwa kwa namna ya kuua ule mvumo wa umeme, mmmmm, mnaoujua. Kwa kanisa linalotegemea jenereta, na waya wa ethi haujulikani umeishia wapi, hiyo siyo sifa ndogo. Ukiacha kupiga, Precision inanyamaza. Mhubiri anaomba kwa utulivu na hakuna nyuki jukwaani.

Kuna mtu aliitwa James Jamerson, wa Detroit, Marekani. Nyimbo nyingi sana za Motown za miaka ya 1960 zina besi yake. Alitumia Precision ya 1962, kidole kimoja tu cha shahada, kipande cha sponji chini ya kifuniko cha daraja, na nyuzi kuukuu ambazo hakupenda kabisa kuzibadilisha. Najua wengine mtasema mtumishi, hizo ni nyimbo za dunia. Uzi haujaokoka na haujapotea, ndugu zangu. Sikilizeni kitu kimoja tu: redio za siku zile zilikuwa ndogo, spika kama sahani ya chai, na bado unaweza kuimba kila noti aliyopiga. Kwa nini? Sauti yake ilikaa katikati, haikukaa chini tu.

Jazz Bass ilikuja 1960. Pikapu mbili, na shingo nyembamba zaidi pale juu, karibu milimita 38, wakati Precision za zamani zilikuwa karibu 44. Madada wanaopiga besi, na mnazidi kuongezeka, Mungu awabariki, jaribuni hiyo shingo kabla hamjaambiwa kwamba vidole vyenu ni vifupi. Kwa Jazz unachanganya: zidisha pikapu ya nyuma upate ule ukali wa puani aliokuwa nao Jaco Pastorius, zidisha ya mbele upate unene. Ukifungua zote mbili sawasawa, mvumo unakufa. Ukipunguza moja kidogo, mvumo unarudi, usimlaumu fundi mitambo.

Hapa nawaunga mkono ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa. Kwenye sebene, gitaa la solo liko juu, mi-solo katikati, na lile la kusindikiza linajaza palipobaki. Besi haipigi mfululizo. Inaruka, inakata, inaacha nafasi, inarudi pale usipoitegemea. Besi nene sana hapo inakuwa tope. Ukali wa Jazz, pikapu ya nyuma, unafanya kila kidole kisikike. Lakini ndugu yangu wa Kalemie, ukileta mpangilio huo huo kwenye wimbo wa toba, wa taratibu, kinanda na sauti tu, unatuchoma masikio. Zungusha kitufe cha toni. Ndiyo kazi yake.

StingRay ya Music Man, ya 1976, nitaitaja kwa kifupi. Ina pikapu moja kubwa karibu na daraja, na ndani yake mna mtambo mdogo wa kukuza sauti unaotumia betri. Bernard Edwards wa kundi la Chic aliipenda. Inang'aa, inapiga kama nyundo. Kwa ukumbi mkubwa wenye mitambo mizuri ni tamu. Kwa spika zetu zile za honi, naona inazidi ukali, lakini hayo ni maoni yangu, mtanipinga.

Sasa nyuzi tano. Vijana, tuongee. Uzi wa E unatetemeka mara 41 kwa sekunde. Ule wa tano, B, mara 31 hivi. Spika ya kawaida ya inchi 12 iliyopo kanisani kwako imeshaanza kuchoka kabla ya kufika huko chini. Kwa hiyo unabonyeza noti ya chini kabisa, unaisikia wewe kwa sababu umesimama juu ya ampu, na mama wa mlangoni hapati kitu. Mbaya zaidi, wengine mnachomeka besi kwenye ampu ya kinanda au ya solo, mnafungua mpaka mwisho, halafu karatasi ya spika inachanika na kamati inaitishwa. Sisemi nyuzi tano ni vibaya. Wimbo ukihamishiwa D au E bemoli kwa ajili ya mwimbaji, ule uzi wa B unakuokoa usilazimike kurukia juu. Nasema tu: angalia spika kwanza, halafu ndipo uhesabu nyuzi.

Wengi wetu tulijifunza kwa kusikiliza kanda za Ron Kenoly. Ile Lift Him Up ya 1992, anayepiga besi ni Abraham Laboriel, mzaliwa wa Mexico. Msikilize mkono wake wa kulia. Anatumia kidole gumba, kucha, vidole vyote, anakwaruza, anapapasa. Sauti nyingi unazodhani zimetoka dukani zimetoka kwenye huo mkono.

Na sasa lile neno ambalo silipendi. Nimeona kijana akirudisha gitaa lake kwenye begi kabla ya ibada, kwa sababu mwenzake aliuliza mbele za watu, "Hilo nalo ni gitaa?" Lilikuwa la kuiga, rangi imechubuka, halina jina kichwani. Siku ile tuliimba bila besi, kwa sababu yule muulizaji hakuwa amekuja na lake. Jamani. Gitaa lile lina inchi 34 zile zile na pikapu mahali pale pale. Kinacholiangusha mara nyingi ni nyuzi zilizokufa na freti ya 12 isiyolingana. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, sikiliza. Kisha ubonyeze pale pale, sikiliza tena. Noti zikipishana, sogeza kile kipande cha daraja kwa bisibisi: noti ya kubonyeza ikiwa juu, kirudishe nyuma, mbali na shingo, ikiwa chini, kilete mbele. Ni kazi ya nusu saa na haina gharama.

Nyuzi zilizofungwa waya wa mviringo, zile zinazokwaruza kidole, zikifa unaweza kuzichemsha maji dakika kumi, uzifute na kuzikausha kabisa. Uchafu wa vidole unatoka, ung'avu unarudi kwa muda. Ukipata zile za waya bapa, laini kama chuma cha kijiko, zitakaa miaka, na sauti yake nzito inafaa sana nyimbo za vitabuni. Kwenye sebene zitakuchosha.

Mwisho, neno kwa kamati, kwa sababu nyie ndio mnashika fedha. Besi linanunuliwa kwa sadaka, na katika sadaka hiyo kuna mtu aliyeuza kuku. Msilinunue kwa picha ya simu. Msilinunue pia kwa kulisikiliza peke yake dukani, maana besi lolote likiwa peke yake ni zuri. Omba mwenye duka awaazime, au muazime kwa kanisa jirani la aina hiyo hiyo, mlilete mazoezini. Drams zipige, kinanda kipige, kwaya iimbe. Halafu mama mmoja wa sauti ya pili aende kiti cha mwisho kabisa, afumbe macho, na aimbe noti ya besi anayoisikia. Akiipata, mmepata gitaa. Akiimba noti ya kinanda, endeleeni kutafuta, au punguzeni drams kwanza mjaribu tena.

Alijaribu yule atakayelipiga kila Jumapili, akiwa amesimama, na mkanda begani, kwa dakika arobaini. Mengine ni mazito kama gunia, na shingo inavuta kwenda chini. Kama lina betri ndani, nunueni mbili, na mfundisheni kuchomoa waya kila ibada ikiisha, kwa sababu waya ukibaki umechomekwa betri inaliwa usiku kucha.