NCHI JIRANI: Fundisho la Kiwanda cha Webuye



Mji wa Webuye uko magharibi ya Kenya, kando ya Mto Nzoia, katika reli itokayo Mombasa kwenda Uganda. Wakati wa ukoloni uliitwa Broderick Falls, kutokana na maporomoko ya mto huo. Hapo ndipo Serikali ya Kenya iliposhirikiana na Birla ya India, na tawi la Benki ya Dunia, kujenga kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills, kilichoanza uzalishaji mwaka 1974.

Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa kubahatisha. Karatasi yahitaji miti, maji na njia ya kusafirishia. Magogo hukatwakatwa, vipande vikachemshwa kwa dawa kali za magadi hata nyuzi zikaachana. Kisha nyuzi hizo huoshwa, hutandazwa na kukaushwa. Webuye ilikuwa na mto na reli, na misitu ya Serikali haikuwa mbali.

Kiwanda kikaukuza mji. Mshahara wa mfanyakazi ndio uliomlisha muuza mboga, fundi cherehani na mwenye nyumba ya kupanga. Lakini faida hiyo ilikuwa na gharama yake. Wakazi walilalamikia harufu nzito ya moshi na mabati yaliyoliwa na kutu, na wa bondeni wakahofia maji machafu. Ikumbukwe kwamba Nzoia humwaga maji yake katika Ziwa Victoria, ambalo Kenya, Uganda na Tanzania huchangia.

Mwaka 1999 Kenya ilipozuia ukataji wa miti katika misitu ya Serikali, kiwanda hiki kilikuwa miongoni mwa vichache vilivyoruhusiwa kuendelea. Hata hivyo ruhusa hiyo haikukiokoa. Madeni yalilimbikizana, na gharama za umeme na mafuta zikakilemea. Mwaka 2009 mitambo ilizimwa. Jaribio la kukifufua mwaka 2010 halikudumu, na mwaka 2016 kiwanda kikauzwa kwa kampuni za Rai.

Kilipofungwa, hakikufungwa peke yake. Vyumba vilibaki vitupu, biashara zikadorora, na vijana wakauhama mji. Adui hakufyatua hata risasi moja.

Jambo hili latuhusu. Kiwanda cha Mgololo, wilayani Mufindi, nacho kilijengwa kwa fedha za umma, na mwaka 2004 kikachukuliwa na kampuni hizo hizo za Rai.

Mpiganaji hujua kwamba ngome yenye njia moja tu ya kupokelea chakula ni ngome dhaifu. Mji unaotegemea kiwanda kimoja hauna tofauti. Hivyo askari alindaye lango la kiwanda au njia ya msituni asidhani kwamba analinda mabati na magogo. Analinda chakula cha maelfu. Lakini bunduki yake haiwezi kuzuia deni. Ulinzi huo ni wajibu wa wenye kushika kalamu na vitabu vya hesabu.