Mali ikishauzwa hairudishwi?

Juma hili nataka tukitazame kile kibao kinachotundikwa katika maduka mengi ya vyombo vya umeme hapa Dar es Salaam: "Mali ikishauzwa hairudishwi."

Umenunua kamera ya dijitali, mpya, boksi halijafunguliwa. Siku ya nne unaona doa jeusi katika kila picha. Unarudi dukani, unaambiwa umeiangusha. Kwa mpiga picha za starehe hiyo ni karaha. Kwa kijana aliyekopa ili apige picha za arusi, ni deni juu ya chombo kisichomlipa.

Wapo watakaosema, "Nunua yenye jina." Jina si kinga. Mwaka 2012 kampuni ya Nikon ya Japani ilitoa kamera aina ya D600. Wanunuzi wengi wakaona vidoa picha kwa picha. Mmoja akilalamika, ni rahisi kumwambia hakuitunza kamera yake. Walipolalamika wengi, kwa kasoro ile ile, jibu hilo halikutosha. Februari 2014 kampuni ilitangaza kuzisafisha na kuzibadilishia shata bure, hata zile zilizopitwa na muda wa dhamana. Machi mwaka huo huo, baada ya televisheni ya taifa ya China kulitangaza suala hilo Siku ya Haki za Mlaji, mauzo ya D600 yalisimamishwa nchini humo.

Kilichowasaidia ni ushahidi, na sisi tunaweza kuuandaa. Ukiwa bado dukani, piga picha ya karatasi nyeupe, tundu la lenzi likiwa dogo, kisha ikuze. Doa likibaki mahali pale pale hata ukibadilisha lenzi, limo ndani ya kamera. Funika lenzi, piga picha ya sekunde kadhaa. Nukta zinazong'aa gizani ni kasoro. Uliza pia kama dhamana inatambuliwa hapa nchini au ni ya nchi ilikotoka mashine. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari: hakikisha namba ya kamera imeandikwa kwenye stakabadhi.

Na sheria je? Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa inamtaka anayefanya biashara ya bidhaa fulani auze iliyo na ubora unaostahili. Lakini ina ncha mbili. Ukiikagua bidhaa kabla ya kununua, huwezi kudai kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Na ukikaa nayo kimya kwa muda mrefu, unahesabiwa umeikubali. Kwa hiyo kagua kwa makini, na ukigundua kasoro iliyojificha, rudi mapema na malalamiko ya maandishi, nakala ubaki nayo. Ukikataliwa, Tume ya Ushindani ipo kwa ajili ya kumlinda mlaji.

Wenye maduka nao nawaambia: mteja anayefunguliwa boksi mbele yake na kuachiwa ajaribu, hurudi na wenzake. Wewe msikilizaji, ukikiona kile kibao, usikichukue kuwa ndicho sheria ya nchi. Dai haki yako, stakabadhi mkononi.

Hadi juma lijalo, kwaherini.