Sauti ya Kisigino

Huenda neno la leo likawachekesha wengine, maana nataka tuzungumze juu ya viatu vya visigino virefu. Mama uliye jikoni, usiondoke. Na wewe baba unayesema hayo ni mambo ya wanawake, ngoja kidogo.

Nilipotoka chuo cha theolojia nilipewa kanisa moja huko milimani, mahali penye udongo mwekundu ambao wakati wa masika hushika mguu kama gundi. Nilikuwa kijana mwenye bidii nyingi na subira haba. Jumapili moja, somo la pili likisomwa, nilisikia sauti sakafuni: ko, ko, ko. Msichana mmoja alikuwa akiingia, amechelewa, amevaa viatu vya visigino virefu vyembamba, naye akatembea polepole sana mpaka benchi la mbele. Watu wakageuka. Mimi nikawaza, huyu anataka atazamwe. Basi nilipopanda mimbarani niliyaacha yote niliyoyaandika, nikahubiri juu ya majivuno yanayotembea kwa visigino. Wengine walicheka. Yule msichana aliinama, hakuinua uso tena.

Jumapili iliyofuata hakuja. Wala ya pili, wala ya tatu. Ndipo mama mmoja mzee wa Umoja wa Akina Mama aliponivuta kando, karibu na tangi la maji, akaniambia, "Mchungaji mwanangu, siku ile yule mtoto alikuja kumshukuru Mungu kwa kuwa amepata kazi. Viatu vile ni vya marehemu mama yake. Alitembea matopeni na viatu vya mpira, akanawa miguu hapa hapa, ndipo akavivaa vile. Vinambana. Alikwenda polepole kwa sababu ya maumivu."

Nilikosa la kusema. Kesho yake nilikwenda kwao. Nilimkuta barazani akivishughulikia viatu vile vile. Alikuwa amevipangusa tope kwa kitambaa chenye unyevu, akavijaza karatasi za gazeti visipoteze umbo, akaviacha vikauke kivulini, mbali na jiko, maana ngozi ikikaushwa kwa moto hukakamaa na kupasuka. Sasa alikuwa akivipaka rangi, kidogo kidogo, na kuvisugua kwa burashi. Nikamwomba msamaha. Hakunijibu upesi. Mwisho alisema, "Ungaliniuliza, Mchungaji, ningalikuambia." Hilo tu.

Kisha nikakitazama kisigino. Kile kipande kidogo cha mpira cha chini kilikuwa kimelika chote, na msumari umetokeza. Ndugu zangu, ile sauti niliyoiita majivuno ilikuwa sauti ya msumari ukigonga saruji!

Nilimwomba anipe viatu nivipeleke kwa fundi sokoni. Nilivibeba mkononi, mchungaji mwenye kola shingoni, na watu wakanitazama. Nikamkumbuka Yohana Mbatizaji, ambaye kwake kuchukua viatu vya mtu ilikuwa kazi ya mtumwa. Fundi aliung'oa msumari, akapigilia mpira mpya, akatia gundi mahali ambapo soli ilianza kuachana. Haikuchukua hata nusu saa. Akanionya, "Mpira ukilika, vileteni mapema. Mkichelewa, kisigino chenyewe huharibika, nacho kikivunjika, anayeumia ni mvaaji."

Akina mama na dada zangu, sisemi kila kiatu chafaa kila siku. Kisigino kirefu husukuma uzito wa mwili mbele, ukalemea vidole. Mtu akivivaa kila siku kwa miaka mingi, misuli ya shavu la mguu huweza kufupika, na kiatu chembamba mbele huweza kuzidisha kupinda kwa kidole gumba. Kwa hiyo unapokwenda kununua, nenda jioni, wakati miguu imevimba kidogo, ili usichukue vinavyobana. Kama utasimama kutwa, chagua kisigino kifupi kilicho kipana. Njia ikiwa ya matope au kokoto, vichukue kiondoni uvivae ukifika. Wala si haya kuvivua na kuipumzisha miguu.

Nanyi akina baba, msicheke. Karne nyingi zilizopita wapanda farasi wa Uajemi walivaa visigino ili mguu usiteleze farasi akienda mbio. Hata mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1715, alijulikana kwa visigino vyake vyekundu. Basi tamaa ya kuonekana mrefu haikuzaliwa na mabinti zetu.

Mnakumbuka Samweli alipofika nyumbani kwa Yese. Alimtazama Eliabu, akaona kimo chake, akadhani huyu ndiye. Mungu akamrudi. Samweli alipima kimo akataka kumpaka mtu mafuta. Mimi nilipima kimo cha kisigino nikamhukumu mtu. Wote wawili tulitazama kwa nje, lakini kosa langu lilikuwa baya zaidi, kwa maana Samweli aliposemeshwa alisikiliza mara moja, nami nilikawia majuma matatu.

Msikilizaji mpenzi, yuko nani uliyemsikia akipita ukasema moyoni, huyu anajivuna? Labda ni mke wa mwanao, labda ni jirani, labda ni karani wa ofisini kwenu. Je, umemwuliza? Huenda kuna msumari unaomchoma, nawe wasikia kelele tu.

Jumapili moja baada ya hayo, nilipoinua macho katika Zaburi, nilimwona ameketi benchi la mbele. Sikuwa nimemsikia akiingia.

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe hukumu zetu za haraka. Utupe masikio ya kusikia maumivu mahali tulipodhani pana majivuno, na mikono isiyoona haya kubeba viatu vya tuliowaumiza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.