Globu za LED katika Taa za Breki na za Rivasi
Ndugu wenye magari wa Kibaha na Kisarawe,

Globu ya LED huwaka mapema kuliko ya waya kwa takriban sekunde 0.2. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa katika Barabara ya Morogoro, lori lililo nyuma yenu hupata zaidi ya mita 4 za kusimamia.

Hata hivyo, tunawasihi mjihadhari. Katika magari mengi globu hiyo hutoa pia mwanga hafifu wa usiku; tofauti isipoonekana, wa nyuma hatajua kwamba mmekanyaga breki. Kabla ya kulipa, mwambieni fundi aifunge, washeni taa, kanyageni breki, na mtu atazame kutoka nyuma. Kwenye kioo chekundu chagueni LED nyekundu. Kwenye rivasi, nyeupe. Kisha daini risiti.