Saa ya Kale ya Kupimia Muda

Leo nataka kuwaeleza habari za kununua na kutunza saa ya mkono ya kale yenye kupima muda. Mfano mmoja ni Omega Speedmaster, iliyotolewa Uswisi mwaka 1957, na kuvaliwa mwezini na wanaanga wa Marekani mwaka 1969. Kwa sifa hiyo bei yake ni kubwa. Anayeitaka asidanganywe na mng'ao.

Kabla ya kulipa, ijaze saa, kisha bonyeza kifungo cha juu: mshale mwembamba wa katikati hauna budi kuondoka mara moja. Kibonyeze tena, usimame. Bonyeza cha chini, urudi juu kabisa, penye 12. Usipofika sawasawa, au kifungo kikikwama, jua kwamba ndani mna kazi ya fundi, na gharama ni yako.

Ukiisha kuinunua, usiitie majini, maana mipira yake ya kuzuia maji huchakaa. Kila miaka 5 hivi, fundi aifungue, aisafishe na kuitia mafuta mapya. Mafuta yakikauka, vyuma husagana. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.